Haki ya kutengeneza na vifaa vya miundombinu muhimu: maswali tunayoulizwa karakana kwetu Tanga

Karakana yetu iko Ngamiani, Tanga mjini. Kazi yetu kubwa ni vidhibiti vya pampu za maji, inverta za sola, majokofu ya chanjo, na bodi za umeme zilizoshika kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi ya huku kwetu. Mwaka mzima tunapigiwa simu kutoka Mkinga, Muheza, Pangani mpaka Korogwe, na maswali ni yaleyale. Wanaouliza ni mafundi wenzetu, wenyeviti wa jumuiya za watumia maji, wauguzi wa zahanati, na siku hizi hata maofisa ununuzi. Nimeyakusanya hapa. Pale ambapo maji na pesa za watu vimo hatarini nimejibu kwa urefu. Pengine mistari michache imetosha.

Haki ya kutengeneza ni nini hasa?

Ni haki ya mwenye kifaa kukitengeneza mwenyewe au kumpa fundi anayemtaka, na kwa ajili hiyo kupata vitu vinne kwa bei inayolipika: vipuri, kitabu cha huduma pamoja na mchoro wa saketi, zana maalumu kama zipo, na programu ya kusomea hitilafu. Ukivikosa hivyo, kuambiwa kwamba kifaa ni mali yako hakukusaidii. Umepewa ngalawa bila tanga wala kafi.

Mbona mafundi tunatengeneza kila siku? Nani anatuzuia?

Kwa mota na pampu za zamani, hakuna. Mota ikiungua unaiwaindi, beringi ikilia unabadilisha, kesho maji yanatoka. Kituo cha umeme cha Hale, pale Mto Pangani, kilianza kazi mwaka 1964. Mitambo ya namna ile fundi aliijua kwa macho, kwa sikio na kwa mita ya kupimia. Siku hizi kati ya umeme na mota kuna bodi yenye programu, na programu hiyo ndiyo inayoamua mota iwake au isiwake.

Miaka michache nyuma tuliitwa kijiji kimoja upande wa Mkinga. Kisima kirefu, pampu ya sola, tangi juu ya mnara. Radi ilikuwa imeua kihisi cha presha. Ni kihisi cha kawaida tu, kile cha miliampea 4 hadi 20, maduka mengi kinauzwa. Tulifunga kipya, tukapima, ishara ikaja safi. Kidhibiti kikagoma. Kiliandika kwenye kioo kwamba hitilafu imejirudia mara nyingi na kinataka namba ya huduma. Namba hiyo alikuwa nayo mwuzaji peke yake, naye akasema hawezi kuitaja kwenye simu, lazima aje mtu wake na kompyuta. Mtu huyo alifika siku ya 19. Alibonyeza kwa muda usiozidi dakika mbili, pampu ikaanza kuvuma.

Siku zote zile akina mama walirudi mtoni, na dumu la lita 20 likiletwa kwa bodaboda lilifika shilingi 1,000. Sola nzima, mota nzima, kisima kina maji, kihisi kipya kimefungwa, na watu wana kiu kwa sababu ya tarakimu sita. Wazee walikaa chini ya mwembe wakitazama ule mnara bila kusema neno. Tangu siku ile nimelichukulia jambo hili kuwa langu.

Ni nchi gani zina sheria hii?

Marekani imekwenda jimbo kwa jimbo. Massachusetts wapiga kura waliipitisha ya magari mwaka 2012. New York sheria ya vifaa vya kielektroniki ilitiwa saini Desemba 2022, Minnesota na California zikafuata 2023, Oregon 2024. Colorado ilianza na viti vya magurudumu vya umeme mwaka 2022, mwaka uliofuata ikaongeza zana za kilimo, na 2024 ikaingiza vifaa vya kielektroniki. California imeweka hata muda: kifaa cha dola 100 na kuendelea, vipuri na vitabu vyake viwepo kwa miaka 7 tangu kilipotengenezwa cha mwisho. Oregon ilipiga hatua ambayo sisi mafundi tunaielewa kwa uchungu, maana ilikataza kipuri kufungwa kwa programu kwenye kifaa kimoja, hata kipuri halisi kilichotolewa kwenye kifaa cha aina ileile kikakataliwa.

Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake Juni 2024, nchi wanachama zianze kulitumia tarehe 31 Julai 2026. Lenyewe linahusu zaidi vitu vya nyumbani: mashine za kufulia, majokofu, simu. Barani kwetu, Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa mwongozo ulioanza tarehe 1 Julai 2021, unaomruhusu mwenye gari kulipeleka karakana huru hata kama waranti haijaisha.

"Miundombinu muhimu" ni ipi, na kwa nini vifaa vyake vinatengwa?

Ni mifumo ambayo ikisimama, nchi au mji unaumia: umeme, maji, hospitali, mawasiliano, bandari, reli, benki. Hapa Tanga huna haja ya kwenda mbali. Kuna bwawa la Mabayani linalotupa maji, vituo vya umeme vya Hale na Pangani, bandari, na sasa Chongoleani, ambako bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima ndiko linakoishia.

Hoja inayotolewa ni ya usalama: kwamba vitabu na programu za mifumo hiyo vikimfikia kila mtu, adui naye atavitumia kuishambulia. Kwa hiyo sheria nyingi nilizotaja zina orodha ya vitu visivyoguswa. Minnesota inaviacha nje vifaa vya teknolojia ya habari "vilivyokusudiwa kutumika" katika miundombinu muhimu, na maana ya miundombinu muhimu wameiazima kwenye sheria ya shirikisho ya mwaka 2001, iliyotungwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11. New York wao wameacha nje bidhaa zinazouzwa kwa mikataba ya kampuni kwa kampuni, au kampuni kwa serikali, kama hazipatikani madukani.

Lile neno la Minnesota, "vilivyokusudiwa", ndilo linalonisumbua. Swichi ya mtandao inayouzwa dukani Ngamiani ndiyo hiyohiyo tunayoifunga kwenye chumba cha pampu. Nani aliikusudia iende wapi? Mtengenezaji akiruhusiwa kujibu swali hilo peke yake, ataandika "kwa miundombinu muhimu" kwenye kila boksi, na sheria itabaki kwa simu na redio.

Na kipengele cha New York, ukikisoma kwa macho ya mtu wa maji au wa hospitali, kinauma zaidi. Mamlaka ya maji hainunui pampu dukani. Inanunua kwa mkataba. Kwa hiyo mwenye simu amelindwa, na anayehudumia maelfu ya watu hajalindwa.

Lakini hoja ya usalama si ya kweli?

Ni ya kweli, na fundi anayeidharau sitampa kazi ya pampu. Ila lazima tutenganishe mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya: kujua kifaa kinavyofanya kazi, na kuwa na ufunguo wa kukiingilia.

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kanuni ambayo wataalamu wa maandishi ya siri wanaifuata mpaka leo: mfumo uwe salama hata kama adui anajua kila kitu kuuhusu isipokuwa ufunguo. Maana yake kwa karakana ni nyepesi kueleweka. Mchoro wa saketi, orodha ya namba za hitilafu na jina la kapasita kwenye bodi ni maarifa. Neno la siri la pampu ya kijiji fulani ni ufunguo, nao uwe kwa mwenye pampu. Kifaa ambacho usalama wake unaanguka pale kitabu chake kinaposomwa kilikuwa kibovu tangu kiwandani.

Tazama mashambulizi yaliyotokea kweli. Novemba 2023 wadukuzi waliingia kwenye kidhibiti cha kituo cha kusukuma maji cha mji mdogo wa Aliquippa, jimbo la Pennsylvania. Wahudumu walikizima wakaendesha kwa mkono. Shirika la usalama wa mtandao la Marekani lilipotoa tahadhari kuhusu vidhibiti vya aina ile lilieleza tatizo: vilikuwa wazi kwenye intaneti, na neno la siri la kiwandani, 1111, halikubadilishwa. Hapo kitabu cha fundi kimeingiaje? Kwa kweli fundi wa karibu mwenye kitabu ndiye ambaye angebadilisha ile 1111.

Ukraine, tarehe 23 Desemba 2015, washambuliaji walikata umeme kwa wateja wapatao 225,000. Waliingia kwa barua pepe zenye viambatisho vya hila na kwa maneno ya siri waliyoyaiba. Umeme ulirudi ndani ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda vituoni wakawasha swichi kwa mikono yao. Huwa nauliza kila mwuzaji anayenihubiria usalama: siku mfumo wako ukishambuliwa, nani atakuwa karibu na swichi, na atakuwa anajua afanye nini?

Tume ya Biashara ya Marekani nayo iliwapa watengenezaji nafasi ya kueleza sababu zao za kuzuia matengenezo, kisha Mei 2021 ikaripoti kwa Bunge kwamba ushahidi wa kuziunga mkono ni mdogo sana.

Mita ya Luku je? Nina haki ya kuifungua?

Hapana. Mita ni mali ya TANESCO hata kama iko ukutani kwako, na kuichezea ni kosa. Haki ya kutengeneza inamfuata mwenye mali.

Lakini Luku imetupa mfano mzuri kuliko wote, na nashangaa hautajwi. Kila namba ya Luku ilikuwa ikibeba ndani yake hesabu ya dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, na mita za kanuni hiyo duniani kote, zisipohuishwa, zisingepokea umeme mpya. Ingekuwa kwa mtindo wa yule mwuzaji wa pampu ya Mkinga, mafundi wenye kompyuta wangezunguka nyumba kwa nyumba kuanzia Chumbageni hadi Kigoma. Badala yake mteja aliletewa namba za kuhuisha, akaziingiza mwenyewe kwa kidole, kisha akaingiza za umeme. Bibi wa Makorora alifanya matengenezo kwenye kifaa cha miundombinu muhimu ya taifa, akiwa jikoni kwake, bila kuujua ufunguo wa siri na bila kuuhatarisha. Namba alizoingiza zilikubali kwenye mita yake tu.

Kwa hiyo inawezekana. Waliobuni kanuni ile walitaka iwezekane.

Nasikia kuna treni Poland zilizogoma kuwaka. Ni kweli?

Ni kweli zilikataa kuwaka, na kisa chenyewe kinafaa kusomwa na kila anayenunua mtambo mkubwa. Treni za aina ya Impuls, zilizotengenezwa na kampuni ya Newag, zilipelekwa mwaka 2022 kwenye karakana huru iliyoshinda zabuni ya kuzifanyia huduma kubwa. Kazi ikaisha, kila kitu sawa, treni haziondoki. Karakana ikawatafuta wataalamu wa usalama wa kompyuta wa kundi la Dragon Sector. Wakaichambua programu, na mwishoni mwa 2023 wakaeleza hadharani walichokuta: masharti ya kuizima treni ikikaa mahali pamoja kwa siku kadhaa, na ramani ya mahali zilipo karakana za washindani. Newag ilikanusha kuweka kufuli hizo na ikawashitaki.

Reli ni miundombinu muhimu kwa tafsiri yoyote ile. Kama kutengwa kwake kungekuwa kamili, na hakuna wa nje anayeruhusiwa kuisoma programu, nani angejua?

Vifaa vya hospitali navyo?

Vingi vimeachwa nje ya sheria za majimbo. Wakati wa korona, Agosti 2020, seneta Ron Wyden na mbunge Yvette Clarke walipeleka muswada wa kufungua matengenezo ya vifaa tiba muhimu, haukuwa sheria. Oktoba 2021 ikapatikana njia nyingine. Marekani wana sheria ya hakimiliki ya 1998 inayokataza kuvunja kufuli za programu, na kila baada ya miaka mitatu Mkuu wa Maktaba ya Bunge hutoa ruhusa maalumu. Safari ile vifaa tiba viliingia. Ni ruhusa ya kuvunja kufuli tu. Haimlazimishi mtengenezaji kukupa kitabu.

Kwetu mfano ninaoufahamu ni jokofu la chanjo. Lazima likae kati ya nyuzi 2 na 8. Likisimama Ijumaa jioni, muuguzi ana saa chache za kuhamisha chanjo kwenye maboksi ya barafu. Hakuna kifaa kinachohitaji fundi wa karibu kuliko hicho, na karibu kila hitilafu tuliyoikuta ni feni, waya, au bodi ya kudhibiti joto iliyopigwa na umeme unaopanda na kushuka.

Tanzania tuna sheria ya haki ya kutengeneza? Nikivunja kufuli nitashitakiwa?

Sheria mahsusi hatuna. Zipo zinazopita karibu. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenye nguvu kubwa sokoni kuitumia vibaya na inamlinda mlaji, na FCC, yaani tume ya ushindani, hupokea malalamiko. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakataza kubadili namba ya IMEI ya simu, kwa hiyo mafundi simu msijidanganye kwamba hiyo ni "matengenezo".

Ya kuangalia sana ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria, na inampa Waziri uwezo wa kuutangaza mfumo fulani kuwa miundombinu muhimu ya habari. Kidhibiti cha pampu chenye programu ni kompyuta. Ukiitwa kukifungua, pata ruhusa ya mwenye mali kwa maandishi, yenye jina la kifaa, namba yake na kazi utakayofanya. Sisi hatushiki bisibisi kabla ya karatasi hiyo. Mimi ni fundi, si wakili. Jambo likiwa kubwa mwone wakili kabla ya kufungua.

Mkifungua ninyi, waranti inakufa?

Soma karatasi ya waranti yenyewe, usisikilize maneno ya dukani. Kama imeandikwa kwamba fundi wa nje anaiua, basi subiri iishe au mwite wa kwao. Hatujawahi kumshauri mteja aitupe waranti iliyo hai kwa sababu ya kifaa ambacho mwuzaji anaweza kuja kukitengeneza wiki hii.

Jumuiya yetu ya maji inanunua pampu mpya. Tudai nini?

Hapa ndipo pa kukazana. Sheria hatuna, lakini mkataba tunao, na mkataba unaandikwa siku ambayo mwuzaji bado anakutaka. Ukishalipa, shoka liko kwake na mpini uko kwake.

Kwanza, maneno ya siri. Siku ya makabidhiano upewe la mwendeshaji, la msimamizi na la huduma, yote, kwenye bahasha iliyofungwa, na ubadilishe mara moja yale ya kiwandani. Akikuambia la huduma hatoi kwa mteja yeyote, umeshajua kwamba pampu hununui, unakodi.

Pili, programu. Kama kuna kompyuta ya kuendeshea mitambo, ile tunayoiita PLC, dai nakala ya programu iliyomo, ikiwa na maelezo ya kila sehemu, pamoja na programu na kebo ya kuisomea. Hii watu huisahau. Nimeona kituo kizima kikijengwa upya kwenye karatasi, hatua kwa hatua, kwa sababu bodi ilikufa na aliyeandika programu hajulikani aliko.

Tatu, karatasi: kitabu cha huduma, michoro ya umeme kama ilivyofungwa (michoro ya kwenye zabuni huwa imebadilika kazi ikianza), na orodha ya vipuri yenye namba za mtengenezaji wa kipuri chenyewe. Kihisi kikiandikwa kwa namba ya mwuzaji tu, utauziwa na yeye tu, kwa bei atakayo.

Nne, muda wa vipuri, na hapa nitumie mfano wa mjini kwetu. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, ilitoa hati fungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kuongeza uzalishaji wa maji kutoka lita milioni 45 hadi milioni 60 kwa siku. Ni hati ya miaka 10. Ni jambo la kujivunia, watu wa kawaida kuweka akiba zao kwenye maji ya mji wao. Sasa piga hesabu kwa mradi wowote wa namna hiyo: ukikopa kwa miaka 10 na mwuzaji akaahidi vipuri miaka 5, nusu ya deni utailipa ukiwa na mtambo usio na vipuri. Muda wa vipuri usiwe mfupi kuliko muda wa deni. Nausema kwa kila kamati inayokuja.

Tano, mafunzo ya watu wawili wa hapohapo kijijini, kwa vitendo, wakiharibu na kurekebisha mbele ya mwuzaji. Mmoja hatoshi, kwa sababu akipata kazi Dar es Salaam ameondoka na kila kitu.

Kwa zabuni za umma masharti haya yaingie kabla tangazo halijapanda kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi. Baada ya hapo mnabaki kuombana.

Mwuzaji akikataa masharti hayo?

Mwulize anakataa lipi na kwa nini, kwa maandishi. Wengi hukubali matatu au manne siku hiyohiyo. Kukataa kabisa nimekukuta kwenye neno la huduma, na hapo tunapendekeza njia ya katikati: neno liwekwe kwa mtu wa tatu, kwa mfano wakili au ofisi ya wilaya, lifunguliwe kampuni ikishindwa kufika ndani ya saa 48 au ikifa. Akikataa na hilo, tafuta mwingine. Pampu za kisima zinatengenezwa na kampuni nyingi.

Kuna vifaa ninyi wenyewe mnakataa?

Vipo. Hatugusi rilei za kinga za vituo vya umeme, zile zinazokata umeme penye hitilafu, kwa sababu rilei iliyowekwa vibaya inaua mtu mwezi wa tatu baada ya wewe kuondoka. Mashine ya kupumulia hatuitengenezi, hatuna vifaa vya kuipima baada ya matengenezo, na mashine ya namna hiyo isiyopimwa ni hatari kuliko iliyozimwa. Breki za kreni pia hapana. Haki ya mwenye mali kumchagua fundi haimfanyi kila fundi awe amefuzu. Mwenye kifaa cha namna hiyo mtafute fundi sanifu wa vifaa tiba au mhandisi aliyesajiliwa, na yeye naye adai vitabu na programu kama tunavyodai sisi.

Tena kuna vipuri feki. Kapasita iliyoandikwa nyuzi 105 ambayo haifiki hata 85 imetutia aibu mara mbili. Watengenezaji wanaposema fundi wa nje anafunga vipuri vibovu, mara nyingine wanasema kweli, na dawa yake ni wao kutuuzia vipuri vizuri.

Kama Tanzania ikiandika sheria hii, kipengele cha kutenga kiandikweje?

Mimi ningeomba kiwe kidogo na kiwe na mwenyewe. Kitu kitengwe kwa jina, na mamlaka ya umma iliyo juu ya sekta, kama EWURA kwa maji na nishati, kwa sababu iliyoandikwa na muda wa kuisha. Mtengenezaji aombe, asijitenge mwenyewe. Kinachotengwa kiwe funguo za siri na uwezo wa kubadili programu ya kinga. Kitabu, kipuri na namba za hitilafu visitengwe kamwe. Na mwenye miundombinu asihesabiwe kuwa mtu wa nje: mamlaka ya maji, hospitali, au jumuiya ya kijiji iliyokabidhiwa mradi iwe na haki kamili juu ya kifaa ilichokinunua, hata kile kilichofungwa kwa wengine wote. Hili la mwisho ndilo ninalolitetea kwa nguvu zote, kwa sababu sheria nilizozisoma hulipita kimya.

Kile kijiji cha Mkinga mliishia wapi?

Walikaa na kidhibiti kile miaka miwili zaidi. Waliandika barua kuomba namba ya huduma, hawakujibiwa. Kilipokufa kabisa, mwenyekiti alikuja mwenyewe karakana na daftari la michango, akaketi, akasema, "Fundi, safari hii namba tuwe nayo sisi." Tukawatafutia draivu ya kawaida, yaani kidhibiti cha mota, ambayo kitabu chake kinapatikana bure na mipangilio yake yote inafunguka. Mipangilio tuliichapa, tukaipiga plastiki, imetundikwa ndani ya mlango wa chumba cha pampu. Maneno ya siri yako kwenye bahasha yenye sahihi mbili kwenye sanduku la katibu. Kihisi cha akiba kiko kwenye kopo, juu ya rafu.

Binti mmoja wa palepale, aliyesoma umeme VETA, ndiye mwangalizi. Masika yaliyofuata radi ilipiga tena. Alinipigia saa mbili usiku: "Shikamoo fundi. Kihisi kimekufa, nimeshafunga kile cha kwenye kopo, nimefuta hitilafu, tangi linajaa. Nimekupigia ununue kingine cha akiba ukija."